Mama wa Unga Hakuuza Unga

Habari niliipata Jumanne, dukani hapa Singida, kwa dereva wa lori la vitunguu aliyekuwa ameingia asubuhi hiyo kutoka Kiomboi. Alikuwa amekaa juu ya gunia anapuliza chai yake, akaniona, akaniambia kama mtu anayetaja habari za mvua: "Karani, umesikia? Yule mama wa unga wa Kinampanda amefariki. Wamemzika Jumapili." Nikamwuliza, "Mama yupi wa unga?" Nilimwuliza hivyo huku namjua fika. "Si yule wa kule chemchemi, mwenye majani makubwa," akasema. "Sijui kwa nini walimwita hivyo. Nadhani zamani aliuza unga." Nami, mtu mzima na mvi zangu, nikajibu, "Labda." Lo! Labda! Wasomaji wangu, yule mama hakuuza unga hata kibaba kimoja tangu azaliwe mpaka afe. Jina lile nilimvika mimi bila kukusudia, na nilipopewa nafasi ya kumvua, sikumvua. Nilikunywa chai yangu ikiwa imepoa, nikaenda zangu nyumbani bila sukari niliyoifuata.

Mnaonisoma kila wiki mnaijua kazi yangu hapa. Kazi yangu ni kuwachokoza juu ya Kiswahili chenu. Nimemcheka mwalimu aliyeandika ubaoni kwamba watoto "warale mapema". Nimemcheka mpiga mbiu wa mnadani aliyetangaza kwamba "mbuzi tatu zimepotea na mwenyewe yuko hapa". Wengine mmeniandikia barua za hasira, mkaniuliza nani kanifanya hakimu wa ndimi za watu, nami nikawajibu kwa kejeli zaidi, maana ndivyo nilivyo, sipendi kushindwa kwa maneno. Basi leo ni zamu yangu kusimama mbele ya hakimu. Kosa langu ni la neno moja, na tangu nilifanye nimekuwa nikizunguka huku na huku nikiyaokota makosa ya wenzangu, kama mtu mwenye tundu katika kanzu yake anayewaonyesha wengine madoa.

Nilimjua yule mama kwa njia ya mguu wangu. Nilikuwa bado kijana, karani na mkalimani katika boma la Kiomboi, nimetoka shuleni Tabora na suruali iliyopigwa pasi na Kiingereza changu mfukoni. Siku moja nilikuwa nateremka kwenda Kinampanda kwa baiskeli ya serikali, mbuzi akakatiza njia. Mbuzi nilimkosa, baiskeli ikaenda kivyake, na mimi nikaenda kivyangu, nikaangukia jiwe na mfupa wa mguu ukavunjika chini ya goti. Watu walinibeba juu ya kitanda cha kamba hadi kwa mjane mmoja aliyekuwa na bustani karibu na chemchemi, fundi wa kuunga mifupa, ambaye Unyiramba nzima ilimpelekea watu wake walioanguka. Alitoka bustanini na tope hadi magotini. "Shikamoo, mama," nikamwambia, meno yamekazana. "Marahaba. Baiskeli imevunjika?" Nikasema haikuvunjika. "Basi yenyewe ndiyo yenye akili," akasema, na watu wote wakacheka, hata mimi nikacheka, na katikati ya kucheka kwangu akauvuta mguu. Nililia kilio ambacho sitakieleza hapa. "Karani mzima!" akasema. "Mbona mbuzi mwenyewe hakulia?" Aliufunga kwa vijiti na kamba za magome, akaniweka kwake wiki nyingi, akanilisha uji wa uwele, na siku ya kwanza ya kutembea alinifuata nyuma hadi chemchemi na fimbo mkononi, ati nikichechemea atanichapa. Leo natembea wima. Wageni hawajui hata ni mguu upi.

Miaka kama miwili baadaye tulipata Bwana Shamba mpya, kijana wa Kiingereza mwembamba, mwekundu kama nyanya, aliyependa mimea kuliko alivyopenda watu. Alikuja na mkebe wa biskuti uliojaa unga wa mbao uliolowa, na ndani yake vipande vya mizizi myeusi iliyo myeupe ndani na yenye utelezi kama bamia. Alikuwa ameipata kwa mkulima mwenzake wa Kizungu, Kenya, na mmea wenyewe aliuita komfri. Jumbe akaita baraza mbele ya nyumba ya mahakama kule Kinampanda, Bwana Mkubwa wa boma naye akaja, akakaa kwenye kiti chake cha kukunja, na mimi nikasimama kati ya Bwana Shamba na watu. Akaeleza: majani yake kuku wanayala, mbuzi wanayala, nguruwe wanayapigania. Ukiyakata yanaota tena mara nyingi kwa mwaka, ilimradi ardhi iwe na maji. Ukiyaloweka ndani ya pipa hupata mbolea ya maji. Tena usitafute mbegu, kipande cha mzizi chenye urefu wa kidole kinatosha kuwa mmea mzima. Hayo yote niliyatafsiri vizuri. Kisha akaongeza, akitabasamu, kwamba huko kwao wazee wa zamani waliyaponda majani hayo wakayabandika penye mfupa uliovunjika, ndiyo maana wakaupa mmea jina la kwao la kijijini, jina fupi la maneno mawili yaliyoshikana: kuunga, na mfupa.

Hapo ndipo shetani wa ufundi aliponipanda. Ningeweza kusema, "Ni mmea wa kuunganisha mifupa," nikakaa. Ningeweza, tena kwa urahisi zaidi, kusema Kinyiramba, lugha niliyoinyonya kwa mama yangu, na kwa Kinyiramba neno la kuunga kitu na neno la unga wa ugali hayakaribiani kabisa. Lakini Kinyiramba nilikiona cha nyumbani, cha kuitia ng'ombe. Bwana Mkubwa alikuwa pale, anajua Kiswahili kidogo, na nilitaka ajue ana mkalimani wa namna gani. Nikataka jina langu nalo liwe fupi la kupendeza kama lile la kwao. Nikavuta pumzi, nikatangaza kwa sauti: "Kwao mmea huu unaitwa unga mifupa!"

Mtu mmoja nyuma akamwuliza jirani yake, "Unga wa nini?" Akajibiwa, "Unga wa mifupa." Mwanamke akauliza, "Mifupa ya nani?" Kukawa na mnong'ono, ukatoka nyuma ukaja mbele, watu wakaangaliana. Nataka mjue kwamba nilisikia. Nilisikia kwa masikio yangu yote mawili, na nikaelewa palepale wameelewa nini. Bwana Shamba akaniuliza wanasema nini, na mimi, badala ya kusema "Bwana, nimeharibu neno, ngoja nilirekebishe," nikasema, "Wanafurahi, Bwana." Mkebe ukapewa yule mama, kwa sababu ndiye aliyekuwa na bustani yenye maji. Yeye alikuwa amesikia sawasawa, maana kuunga ndiyo kazi yake. Aliupokea mkebe kwa mikono miwili, akacheka, akasema, "Kumbe na Wazungu huvunjika."

Wale wa umri wangu mnaikumbuka miaka ile. Hofu ya mumiani, wale waliosemwa huwanyonya watu damu, ilikuwa kila mahali. Gari jekundu likipita, watoto waliingizwa ndani, na mgeni akiuliza njia aliambiwa hatuijui. Watu walikwisha kuambiana damu inakokwenda, kilichobaki kujulikana ni mifupa. Sasa wakapata jibu, na jibu limetoka barazani, kwa mdomo wa karani wa serikali: inasagwa unga, unga unaota majani. Na komfri, maskini, haikujitetea. Iliota haraka mno, majani mapana yenye manyoya yanayowasha kidogo ngozi, makubwa kupita ya tumbaku. Ukiyakata leo, wiki ijayo yamerudi. Mama yule alifuata maagizo yote, akajaza pipa majani na maji, akalifunika, akaweka jiwe juu. Baada ya wiki mbili akalifunua. Jamani, harufu ya mbolea ile sina namna ya kuipamba, ni harufu ya mzoga. Wanawake waliokuwa wanachota maji waliacha mitungi wakakimbia. Mmoja wao alisema sentensi niliyoisikia baadaye hadi Kiomboi: "Mboga gani inanuka kama maiti, kama si maiti?"

Mchuuzi aliyekuwa akikusanya mayai na kuyapeleka kwa baiskeli hadi kwa Wahindi wenye maduka hapa mjini akaanza kupita mlangoni kwa mama yule bila kusimama. Kuku wake walitaga kuliko wakati wowote, na hakuna aliyetaka yai. Hilo alilivumilia, aliyala mwenyewe na kusema amenenepa kwa gharama ya waoga. Lakini mifupa hakuivumilia. Watu waliacha kumletea. Mwanamume mmoja alianguka kutoka juu ya paa la tembe alilokuwa analikandika udongo, akavunjika paja, umbali wa hatua chache kutoka kwake. Mama yule alisikia kilio, akaokota vijiti na kamba zake, akaenda mbio. Ndugu wa mgonjwa walimzuia mlangoni. "Hapa huungi," walimwambia. "Wewe unataka mfupa wake uende ukausage." Wakamfunga wenyewe. Mwanamume yule yu hai hata leo, na mguu wake mmoja ni mfupi kuliko mwingine, na kila nikimwona mnadani nageuza uso.

Ndipo mama akaja Kiomboi. Alitembea asubuhi nzima, akanikuta nje ya ofisi nachonga kalamu. Nikamwamkia, akaitikia, akautazama kwanza mguu wangu kama mtu anayekagua ukuta alioujenga. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, siku ile ulisema unga upi?"

"Wa kuunga, mama. Kuunganisha."

"Ndivyo nilivyosikia mimi. Basi njoo useme hivyo. Jumbe ameita baraza Alhamisi, wanataka bustani ing'olewe. Sikuombi unisifu, wala usiwatukane watu. Waambie tu: nilikosea kusema. Wewe ni karani, watakusikia."

"Nitakuja, mama."

"Kuja utakuja, ni kazi yako. Nauliza utasema?"

"Nitasema."

Akaniachia mayai ndani ya kikapu chenye majani makavu. Niliyakaanga jioni ileile.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo penyewe. Wiki ile kulikuwa na uvumi kwamba boma la Singida linatafuta karani mkubwa, mtu hodari wa tafsiri, na kwamba Bwana Mkubwa wetu ndiye atakayetoa jina. Na Alhamisi alikuja barazani na kiti chake cha kukunja. Bwana Shamba hakuwapo, alikuwa amehamishiwa wilaya nyingine. Jumbe, mtu wa haki aliyetaka tu kijiji kitulie, akanigeukia: "Karani, wewe ndiye uliyesimama hapa siku ile. Tuambie, ulisema nini?" Yule mama alikuwa mstari wa mbele, amejifunga kanga safi. Hakunitazama usoni, aliutazama mguu. Nikafungua mdomo kusema maneno niliyoyaahidi, na badala yake yakatoka haya: "Nilisema kama Bwana alivyosema." Haukuwa uongo kamili, ndiyo maana ulinitoka kwa wepesi. Jumbe akauliza tena, "Bwana alisema unga wa mifupa?" Nikajibu, "Bwana mwenyewe amehama. Mimi ni mdomo tu." Bwana Mkubwa akaitikia kwa kichwa, ameridhika, kwa maana alipenda makarani wasio na mashaka. Mama yule alikaza kanga yake kiunoni, akatangulia kwenda bustanini kwake, kama mwenye nyumba anayewakaribisha wageni.

Waling'oa siku ileile. Wanaume walikuja na majembe, wakaifukua mizizi, na yeye akasimama kando. Kisha akaanza kuwaelekeza! "Kateni vizuri, wanangu. Vipande vidogo vidogo. Hicho kikubwa, kikate tena." Watu wakasema ametubu. Mimi peke yangu katika umati ule nilikumbuka maagizo ya Bwana Shamba, kwa kuwa niliyatafsiri mwenyewe: kipande cha urefu wa kidole, mmea mzima. Wakavikusanya vipande, wakavitupa mtoni chini ya chemchemi na katika majani ya kando ya njia. Nikanyamaza tena, na hiyo ndiyo mara moja tu ambayo kunyamaza kwangu kulimfaa. Mvua za kwanza ziliponyesha, komfri iliota kutoka chemchemi hadi bondeni, ikaota njiani, ikaota katika mashamba ya wale walioikata. Mbuzi wa kijiji walikuwa wa kwanza kusahau uvumi. Walinenepa. Mwaka wa tatu ungekuta wake wa waliomng'olea mama bustani wanakata majani hayo jioni kwa ajili ya kuku wao, na ukiwauliza ni majani gani, wanasema, "Ni ya mama wa unga." Majani waliyakubali. Mikono yake hawakuikubali tena, wala sidhani kama kuna aliyekumbuka kwa nini. Alikufa na vijiti vyake vimening'inia ukutani.

Kazi ya Singida niliipata. Nikanunua kabati la vitabu.

Mara ya mwisho kumwona ni kipupwe kilichopita, nilipokwenda Kinampanda kwa harusi ya binamu yangu. Nilikwenda kwake nikiwa nimeyapanga maneno yangu njia nzima, kama mtoto anayetumwa dukani. Alikuwa amekonda, amekaa juani kando ya lile pipa lake, anawatupia kuku majani. Nilimwamkia. Kabla sijakaa akaniuliza, "Mguu unauma baridi ikija?" Nikasema kidogo tu, hapa chini. Akaukamata, akaupapasa, akatikisa kichwa. "Hapo nilikosea. Nilianza kukaza kamba ya chini, ilifaa nianze ya juu. Nisamehe, mwanangu." Alilisema hivihivi, bila kusita, kama mtu anayepangusa vumbi. Kosa dogo la miaka mingi, ambalo hakuna hata mmoja angelijua, alilitaja mwenyewe na kuliombea radhi huku mkono mwingine unawatupia kuku. Na mimi nikajibu kwa adabu zote za Kiswahili changu: "Hakuna neno, mama." Hakuna neno! Neno lilikuwepo, lilikuwa langu, lilikuwa mdomoni. Nikakaa kidogo, nikasifia kuku, nikaaga. Alinisindikiza hadi njiani, na nilipogeuka nikamwona bado anaangalia jinsi ninavyokanyaga.

Wenzangu, siku hizi kila upande kuna mtu anayesimama kusema kwa niaba ya wengine. Kuna mikutano, kuna mabaraza mapya, kuna vijana waliosoma wanaowaambia Wazungu wananchi wanataka nini na kuwaambia wananchi Wazungu wamejibu nini, na inasemekana nchi itakuwa mikononi mwetu wenyewe siku si nyingi. Nafurahi, tena sana. Lakini nawajua watu wa kati, maana nimekuwa mmoja wao. Anayesimama katikati ya ndimi mbili ndiye peke yake anayejua ni wapi neno limeteleza, na kwa hiyo ndiye peke yake anayeweza kulirudisha. Akinyamaza, hakuna wa kumshtaki. Atapandishwa cheo. Wazee husema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilijikwaa vyote viwili katika kijiji kimoja, na mama yule aliniponya kile alichoweza. Kukosea neno si aibu kubwa, nimewacheka bure wengi wenu kwa hilo na nawaomba radhi. Aibu ni kulisikia likimwangukia mwenzako, ukalipita kama yule mchuuzi wa mayai. Ukikosea, rudi palepale, siku ileile, kabla halijaota.

Gazeti hili hufika Kinampanda siku mbili baada ya kutoka, na najua husomwa kwa sauti nje ya duka. Wewe unayelisoma, nakuomba usome polepole hapa, halafu uwaeleze wazee kwa Kinyiramba, kwa sababu ndivyo nilivyopaswa kufanya mimi. Bwana Shamba alisema mmea unaounga mifupa. Hapakuwa na unga. Yule mama hakusaga mfupa wa mtu, aliunga yenu na akauunga wangu. Mwanamume aliyeanguka kutoka juu ya tembe, kama upo hapo unasikiliza, ungekuwa unatembea kama mimi. Aliniomba niseme maneno mawili tu, nami nayasema leo, yeye akiwa ardhini wiki nzima: nilikosea kusema.